Mtoto asisahaulike garini: kiatu, simu, kengele au rada?

Februari mwaka juzi mke wangu alirudi kutoka zamu ya usiku, akalala. Kumpeleka mtoto chekechea ikawa kazi yangu, na si kazi niliyoizoea. Nikamfunga kwenye kiti chake nyuma, tukatoka Kinyerezi. Kabla hatujafika Tabata ikaingia simu ya kazini, habari za mzigo uliokwama bandarini, nikaanza kubishana na mtu huku naendesha (ndiyo, najua). Kona ya chekechea nikaipita kama siijui. Nilikuwa nimeshafika taa za Buguruni, foleni imesimama, niliposikia kitu kimegonga sakafuni nyuma yangu: kikombe cha uji, kile chenye mfuniko wa bluu, kimemponyoka mtoto usingizini.

Bila kikombe kile ningeegesha Posta juani, ningechukua begi langu, ningepanda ghorofani.

Nilipowasimulia wazazi wenzangu, swali likawa moja: sasa tununue nini? Mmoja ana ndugu yake Italia, akasema kule kifaa ni lazima kisheria. Mwingine gari lake ni jipya, linalia lenyewe. Wa tatu akasema yote hayo ni biashara za watu, vua kiatu weka nyuma, basi. Wote watatu wana hoja. Shida ni kwamba kila mmoja anajibu swali la nyumbani kwake, na nyumba hazifanani.

Kwanza, tunazuia nini

Waliohesabu vifo hivi kwa makini ni Wamarekani. Jan Null, mtaalamu wa hali ya hewa wa Chuo Kikuu cha San Jose State, California, ameweka kumbukumbu kuanzia 1998, na idadi imeshapita watoto 1,000. Ni wastani wa watoto 37 hivi kwa mwaka, na mwaka 2018 na 2019 walipita 50 kila mwaka.

Ukizichambua hesabu hizo unakuta milango mitatu. Zaidi ya nusu kidogo ya watoto walisahauliwa na mtu mzima aliyewabeba. Kama robo waliingia wenyewe kwenye gari lililoegeshwa, wakashindwa kutoka. Na kama mmoja kati ya watano aliachwa makusudi, na mtu aliyedhani anarudi sasa hivi. Yashike haya matatu, maana karibu kila kitu kinachouzwa kinaziba mlango mmoja tu.

Joto lenyewe linakwenda kasi kuliko tunavyodhani. Vipimo vya Null vinaonyesha kwamba gari lililofungwa juani huongezeka nyuzijoto 11 hivi katika dakika kumi za kwanza, 19 ikifika nusu saa, na 24 ikifika saa nzima. Siku ya nyuzi 32, ambayo kwa Dar ya Februari ni siku ya kawaida tu, dakika kumi zinakufikisha 43 na nusu saa inakufikisha 51. Kushusha kioo kidogo hakusaidii cha maana. Na mwili wa mtoto mdogo hupanda joto kwa kasi mara tatu hadi tano kuliko wa mtu mzima. Watu wa Arusha na Nairobi wasijione wamepona, kwa sababu watoto wamekufa hata siku ambazo nje ni chini ya nyuzi 20.

Kuhusu kusahau, naomba tuache kwanza ule msemo wa "mzazi gani anasahau mtoto?" Nami niliusema sana kabla ya siku ya Buguruni. David Diamond, mtafiti wa ubongo wa Chuo Kikuu cha South Florida, amelisoma jambo hili kwa miaka mingi. Anasema tuna kumbukumbu ya mazoea, ile inayokufikisha nyumbani huku unawaza mengine, na tuna kumbukumbu ya mpango, ile ya "leo nipitie sokoni". Ukiwa umechoka, una mawazo, na ratiba imebadilika, mazoea huimeza mipango. Mtoto akiwa kimya nyuma, ubongo unakuaminisha kwamba umeshamshusha. Watoto wenyewe walihamishiwa nyuma kwa nia njema: miaka ya 1990 mifuko ya hewa ya mbele iliwaua watoto kwenye ajali, wakahamishwa siti ya nyuma, wachanga wakageuzwa kutazama nyuma kabisa. Wakawa salama zaidi kwenye ajali, na wakatoka machoni petu.

Maswali manne ya kupimia

Kila njia hapa chini nimeipitisha kwenye maswali haya. Inaziba mlango upi kati ya ile mitatu? Je, inataka nikumbuke kuiwasha au kuifanya, au inafanya kazi hata nikiwa nimesahau? Ikifeli, nitajua kwamba imefeli, au itanyamaza tu? Na inapatikana huku kwetu, kwa gari nililonalo na mfuko nilionao?

Swali la pili ndilo zito kwangu. Kifaa kinachokutaka ukumbuke kukiwasha kinakuomba kitu kilekile unachokikosa.

Kiatu, begi au mdoli

Njia hii haina duka. Unaweka siti ya nyuma, pembeni ya mtoto, kitu ambacho huwezi kuanza siku bila hicho: kitambulisho cha kazi, funguo za ofisi, kiatu cha kushoto. Ukifika unalazimika kufungua mlango wa nyuma. Wengine hutumia mdoli: mtoto asipokuwepo mdoli anakaa kwenye kiti chake, mtoto akikaa mdoli anahamia mbele, kando ya dereva, kama kumbusho.

Vinafanana kwa sura, ila kwa swali la pili vinaachana. Mdoli huhamishwa siku ya kuwa na mtoto tu, kwa hiyo ni mpango, na mpango ndio unaomezwa. Kiatu unaweza kukiweka nyuma kila siku, uwe na mtoto usiwe naye, mpaka mkono ukafanya wenyewe. Hapo umeyageuza mazoea yawe upande wako. Sharti ni hilo la kila siku. Ukiweka kiatu siku za mtoto pekee, una mdoli wa ngozi.

Kwa jiji kama Dar naongeza jambo moja. Begi la kompyuta au simu kwenye siti ya nyuma, kioo kiko wazi, foleni ya Buguruni au Manzese, umewawekea vibaka mezani. Weka kitu unachokihitaji wewe ambacho mwizi hana haja nacho. Ndiyo maana nasema kiatu kimoja. Nani ataiba kiatu kimoja?

Udhaifu wake ni kwamba kinafeli kimyakimya. Siku usiyoweka hakuna kinacholia, na hakuna atakayejua. Kwa mtoto anayeingia garini mwenyewe hakina msaada wowote.

Kinamfaa mwenye gari la zamani, mwenye ratiba isiyoyumba sana, anayebeba mtoto mara nyingi kiasi cha kujenga mazoea. Baba wa mara moja kwa mwezi, kama nilivyokuwa mimi, asikitegemee peke yake.

Simu ya "mbona hajafika?"

Hapa unaihamisha kumbukumbu kutoka kichwani mwako kwenda kichwani mwa mtu mwingine. Mnakubaliana na chekechea: mtoto asipofika muda fulani, na mzazi hajatoa taarifa, mwalimu anapiga simu kwa baba, kisha mama, kisha namba ya tatu, mpaka mtu apokee. Ujumbe wa WhatsApp hauhesabiki.

Kwa swali la pili njia hii inashinda zote za mkono. Dereva hatakiwi kukumbuka chochote. Ila inategemea sana saa. Chukulia umeegesha saa mbili na nusu asubuhi na mwalimu anapiga saa tatu kamili. Hiyo ni nusu saa, na ile hesabu ya nyuzi 51 umeshaisoma. Simu lazima ipigwe ndani ya dakika kumi au kumi na tano baada ya muda wa kufika, na chekechea nyingi hujaza daftari la mahudhurio baada ya uji wa saa nne.

Mfano wa kinachotokea simu isipopigwa uko Japani. Septemba 2022, mji wa Makinohara, mtoto wa miaka mitatu alibaki kwenye basi la chekechea. Darasani walidhani hakuja siku hiyo, na hakuna aliyempigia mzazi kuuliza. Alikaa mle saa tano hivi. Chupa yake ya maji ilikutwa tupu.

Uzuri mwingine ni kwamba unaweza kuijaribu. Siku moja mwache mtoto nyumbani bila kutoa taarifa, ukae na simu. Sisi tulifanya hivyo. Simu ikalia saa nne na dakika ishirini, mwalimu akiuliza kwa upole kama mtoto anaumwa. Hatukugombana naye, hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ni jambo la dakika. Tukakaa na mkuu wa kituo, sasa daftari linajazwa getini mtoto akiingia, na simu inapigwa saa mbili na dakika arobaini. Tulipojaribu tena mwezi uliofuata ilipigwa saa mbili na dakika arobaini na sita. Nikaridhika.

Gharama ni vocha, na wazazi tukiwachangia walimu muda wa maongezi kila mwezi hakuna anayeumia. Pale simu ya mwalimu inapokuwa haina salio, au ya mzazi imezimwa sauti (mke wangu akitoka zamu huizima), namba ya tatu ndiyo mwokozi. Mpe bibi.

Toleo la nyumbani ni la mume na mke: anayempeleka mtoto anaandika "nimemshusha" akiwa bado getini. Asipoandika, mwenzake anapiga. Angalia lisigeuke kuwa askari na mtuhumiwa. Mnapokezana.

Inawafaa karibu wote ambao mtoto wao anapelekwa mahali penye mtu anayemsubiri. Haimfai anayezunguka na mtoto sokoni, kanisani, msibani, siku zisizo na mwalimu mlangoni.

Gari linalokumbusha lenyewe

Mwaka 2016 General Motors walitoa GMC Acadia ya modeli ya 2017 yenye kikumbusho cha siti ya nyuma, na kampuni nyingine zikafuata. Mwaka 2019 kampuni kubwa zinazouza magari Marekani ziliahidi kwamba kufikia modeli za 2025 karibu magari yao yote yatakuwa na kitu cha namna hiyo. Ukisikia mtu anasema "gari langu lina sensa ya mtoto", muulize ni ya aina gani, kwa sababu ziko mbili na hazilingani.

Ya kwanza haimwoni mtoto. Inaangalia mlango. Ukifungua mlango wa nyuma muda mfupi kabla ya kuwasha gari, au gari likiwa limewashwa, linaweka alama. Ukizima injini linalia mara kadhaa na kuandika kwenye dashibodi: tazama nyuma. Ni rahisi na halikutaki ukumbuke kitu. Lakini ulipomfunga mtoto nyumbani, ukasimama sheli, ukazima gari, likalia hapo, ukaweka mafuta bila kugusa mlango wa nyuma, ukawasha tena, basi ukifika kazini halilii. Kwa gari, safari imeanza upya na hakuna aliyeingia nyuma. Ukiweka mkoba wa mboga nyuma litalia vilevile kama kwa mtoto.

Ya pili inamtafuta mtu mwenyewe. Hyundai walianza na sensa ya mawimbi ya sauti yasiyosikika, inayogundua kitu kinachosogea nyuma baada ya milango kufungwa. Sasa imekuja rada ndogo darini, kama ile ya Volvo EX90, ambayo inanasa hata kifua cha mtoto kinavyopanda na kushuka akiwa amelala. Euro NCAP, wanaopima usalama wa magari Ulaya, wameanza kutoa alama kwa uwezo huu tangu 2023. Rada ndiyo njia pekee humu inayogusa milango yote mitatu kwa kiasi fulani, maana kwake mtoto ni mtoto, awe amesahaulika, ameachwa au ameingia mwenyewe.

Sasa turudi barabarani kwetu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, na Tanzania gari likizidi umri linatozwa kodi zaidi, lakini hata hivyo tunanunua magari ya jana kutoka Japani. Premio yangu haijui hata kama ina siti ya nyuma. Inachojua ni kuongea: kila nikiwasha, dada wa Kijapani aliye ndani ya dashibodi ananieleza jambo, na fundi aliniambia anasema kadi ya kulipia barabara haijawekwa. Miaka sita ananisemesha, siku hizi simsikii kabisa. Hiyo ndiyo hofu yangu kwa kengele yoyote inayolia kila siku hata pasipo sababu. Sikio linaijua, kichwa kinaipuuza.

Gharama huihesabu peke yake, imo ndani ya bei ya gari. Inamfaa anayenunua gari jipya au lililotumika kidogo, na ndugu zetu walio Muscat, Texas au Minnesota wanaoweza kuchagua modeli. Ukiwa kati ya magari mawili ya bei moja, moja lina rada na jingine linahesabu milango, hapo nisingefikiri sana. Ukiwa na gari la zamani, soma sehemu zilizobaki.

Kifaa cha kwenye kiti cha mtoto

Italia ndiko kilikopewa nguvu ya sheria. Sheria ya 2018 ilianza kutumika Novemba 2019, na faini zikaanza Machi 2020: anayembeba mtoto wa chini ya miaka minne lazima awe na kifaa cha kuzuia kumsahau, vinginevyo ni faini kuanzia euro 83 hadi 333 na pointi tano za leseni. Serikali ilitoa mchango wa euro 30 kwa kila kifaa ili watu wasilie. Aliye Milano au Roma, kwake hili si la kuchagua.

Kifaa chenyewe huwa ni kimto chembamba unachokikalisha chini ya mtoto, au kibano kwenye mkanda wa kifuani, kinachozungumza na simu kwa Bluetooth. Ukienda mbali na gari huku mtoto bado amekalia, simu inalia. Usipojibu, vingi hutuma ujumbe kwa namba ulizoziandikisha.

Kwenye karatasi ni kizuri: hakikutaki ukumbuke, na kinamtambua mtoto badala ya mlango. Kwenye maisha kina minyororo mingi. Betri ya kifaa, betri ya simu, Bluetooth, programu kutozimwa na simu ili kuokoa chaji. Mwaka 2012 mamlaka ya usalama barabarani Marekani pamoja na Hospitali ya Watoto ya Philadelphia walijaribu vifaa vya aina hii vilivyokuwa sokoni, wakakuta haviaminiki vya kutosha: vingine viliyumba mtoto akikaa upande, vingine vikishamwagiwa kinywaji. Vya leo ni bora, lakini uji bado unamwagika. Kabla ya kununua, uliza kama kinakuarifu chenyewe betri ikikaribia kuisha au simu ikipoteza mawasiliano. Kisichokuarifu kimeanguka kwenye swali la tatu.

Na kuna jambo tusilolisema hadharani: watoto wengi hapa kwetu hawana kiti cha gari. Wanapakatwa, au wanasimama katikati ya siti mbili wakichungulia foleni. Bila kiti, kifaa hiki hakina pa kukaa. Mwenye pesa ya kimoja tu, anunue kiti kwanza. Ajali zinaua watoto wengi kuliko joto la garini, na hilo halina ubishi.

Kinamfaa mwenye gari la zamani na kiti cha mtoto, anayependa mambo ya simu na simu yake haiishi chaji. Babu mwenye simu ya tochi, hapana.

Programu ya simu

Hii ni fupi. Waze iliweka kumbusho la mtoto mwaka 2016: unaliwasha kwenye mipangilio, ukifika unakokwenda inakuandikia uangalie nyuma. Ni bure. Tatizo ni kwamba inajua umefika ikiwa tu uliiambia unakwenda wapi, na nani anawasha ramani ili imwelekeze ofisini kwake? Dereva wa Bolt au Uber anayeitumia kutwa nzima, na ambaye siku za shule humpeleka mwanawe kabla ya kuanza kazi, anaweza kufaidika. Wengine waichukue kama nyongeza.

Gari la shule ni kesi yake

Mzazi hayupo, kwa hiyo hapa unachagua shule, siyo kifaa. Septemba ileile ya 2022, siku chache baada ya Makinohara, mtoto wa miaka minne alifia kwenye basi la chekechea nchini Qatar siku aliyotimiza miaka hiyo minne. Simulizi zinafanana: mtoto amelala siti ya nyuma, dereva hakurudi kuangalia, darasani wakadhani hakuja.

Korea Kusini walikuwa wameshapata msiba wao, Julai 2018 mjini Dongducheon. Kuanzia 2019 magari ya watoto kule lazima yawe na kitufe nyuma kabisa ya gari. Dereva akizima injini, asipotembea mpaka nyuma na kukibonyeza ndani ya dakika chache, gari linapiga kelele. Japani wakafanya sheria ya namna hiyo kuanzia Aprili 2023, wakiruhusu ama kitufe ama sensa inayotafuta mtoto yenyewe. Nakipenda kitufe kwa sababu ya ujanja wake wa kitoto: hakimwamini dereva, kinamtembeza.

Kwa Hiace na Coaster zetu, fundi umeme mzuri anaweza kufunga kitu cha aina hiyo. Kama shule haiko tayari, kuna njia ya kibao. Baadhi ya mabasi ya shule Marekani hutundika kibao kwenye kioo cha nyuma kila safari ikiisha, kikisema gari limekaguliwa na liko tupu. Mlinzi wa geti anakiona akiwa nje. Asipokiona, haruhusu dereva kuondoka. Ni kipande cha ubao na kamba.

Matroni wa gari mwenye daftari la majina, anayetiki wanaopanda na wanaoshuka, ni njia nzuri zaidi kwa watoto wadogo, kwani anamwona mtoto hata aliyejificha chini ya siti, ila inategemea matroni awepo kila siku. Uliza: akiugua, nani anashika daftari? Jibu la "dereva" lina maana huna daftari. Na angalia vioo. Magari mengi ya shule yana vioo vyeusi, na mpita njia hawezi kuona kilichomo.

Mlango ambao vifaa vingi havigusi

Mtoto anayeingia mwenyewe. Mwaka 1998 Marekani, ndani ya majuma machache ya kiangazi, watoto 11 walikufa kwenye buti za magari walimojificha wakicheza. Ndipo ikaja sheria ya kuweka kishikio kinachong'aa gizani ndani ya buti, kwa magari yote mapya ya saluni yanayouzwa kule kuanzia 2001. Fungua buti lako jioni hii uangalie kama kipo. Mlango wa gari ufungwe hata likiwa ndani ya geti, funguo zikae juu kuliko mkono wa mtoto, na lile gari bovu la jirani lililokaa juu ya matofali tangu uchaguzi uliopita, mwenyewe aombwe alifunge au aling'oe milango. Mtoto akipotea nyumbani, magari yakaguliwe kabla ya kwenda kuuliza kwa majirani.

Mlango wa kuachwa makusudi, ukiondoa rada, hauna kifaa. Foleni ya wakala wa pesa haijawahi kuwa ya dakika mbili. Kumwachia kiyoyozi kinachofanya kazi pia si dawa, gari linaweza kuzima, mtoto anaweza kuingiza gia, na mwizi hupata gari lililowashwa pamoja na abiria.

Basi, kwa hali yako

Unampeleka mtoto chekechea kila siku na gari ni la zamani: kiatu cha kila siku, na makubaliano ya simu yenye muda ulioandikwa. Ukibaki na pesa, kifaa cha kiti kiwe cha tatu.

Unampeleka mara chache, au mnapokezana na mwenzako, au umepata mtoto mchanga na hulali: usitegemee chochote kinachotoka kichwani mwako. Simu ya mwalimu kwanza, kisha "nimemshusha", kisha kifaa kama unacho kiti. Siku ratiba inapobadilika ndiyo siku ya kumwambia mtu mwingine wazi, "leo mimi ndiye ninaye mtoto, nipigie saa mbili na nusu."

Unanunua gari Ulaya, Marekani au Ghuba: uliza linahesabu milango au linamtafuta mtoto. Likihesabu milango, kiatu bado kina kazi, hasa ukizoea kusimama sheli.

Mtoto anapanda gari la shule: achana na vifaa vyako, nenda shule uone wanavyoshusha watoto. Fika saa ya kushusha, simama pembeni, hesabu dakika dereva anazotumia kutembea mpaka siti ya nyuma.

Una watoto wa miaka miwili hadi sita wanaozunguka uani: funguo na milango kwanza kabla ya jambo lolote hapo juu.

Mnaishi na dada wa kazi au bibi asiye na gari: mwandikishe yeye kwenye ile namba ya tatu. Yeye ndiye anayejua mtoto ametoka na nani.

Kwetu sisi ni kiatu na simu. Premio ni otomatiki, mguu wa kushoto hauna kazi, kwa hiyo kiatu cha kushoto kinasafiri nyuma kila asubuhi, hata Jumamosi ninapokwenda peke yangu gereji. Walinzi wa jengo letu Posta wameshazoea kuniona nikishuka na soksi moja, nikizunguka kwenda mlango wa nyuma. Wiki iliyopita mmoja wao aliniuliza kama mguu umepona.